Navuta CR-V nyuma ya motohomu. Mume wangu asema breki za ziada ni kutupa pesa

Fundi, salamu nyingi kutoka Colorado.

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Molo, na huku Marekani nina mwaka wa kumi na tisa. Watoto walipomaliza chuo niliacha nyumba ya kupanga kule Texas nikaingia kwenye kazi za mkataba: wiki 13 hospitali hii, wiki 13 hospitali nyingine. Nilichoka kuhamisha masanduku, kwa hiyo nikanunua motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, iliyotumika, ya futi 29, chasisi ya Ford E-450. Ndiyo nyumba yangu. Nyuma yake navuta Honda CR-V ya 2013, ile ambayo injini huzungusha magurudumu yote manne, nayo ikivutwa hutembea kwa magurudumu yake yote yakiwa chini. Nikishaegesha nyumba kambini, CR-V ndiyo inanipeleka zamu. Kuvuta si kila wiki. Kwa mwaka ni safari saba au nane, lakini ni ndefu.

Baba watoto ni dereva wa lori la masafa marefu. Yeye ndiye aliyenifungia mkono wa kuvutia, kile chuma kinachounganisha magari mawili, na alisema mambo yamekwisha: mkono umeandikwa pauni 6,000, gari halifiki hata 4,000, Ford ina breki kubwa. Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini, mtu anayeendesha pauni 80,000 kila siku?

Mwezi wa tisa nilitoka Denver kwenda Grand Junction kwa barabara kuu ya I-70. Nilipotokeza upande wa pili wa handaki la Eisenhower, barabara ikaanza kuporomoka. Nikaweka mguu kwenye breki kwa upole, nikauacha hapo. Baada ya maili chache nikanusa kitu kama klachi ya matatu iliyoungua, kisha pedali ikaanza kuzama chini kuliko kawaida. Nilifika Silverthorne nikiomba Mungu, nikatoka barabarani, na magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Fundi, mimi ni mtoto wa Molo. Salgaa naijua. Nimeona malori yaliyokosa breki kabla sijajua kusoma. Nilikaa pale saa nzima mikono ikitetemeka.

Sasa nataka kuweka kifaa cha kubana breki za CR-V wakati nabana za motohomu, na kila mtu ana lake. Jirani hapa kambini ananiuzia kisanduku chake cha zamani, kile kinachowekwa sakafuni mbele ya kiti cha dereva, kwa dola 300. Hakina waya wa dharura wala ile rimoti ya kuweka mbele kwangu. Gereji moja inataka dola 2,400 kufunga mfumo wa kudumu chini ya kiti. Gereji nyingine iliniambia kizuri kuliko vyote ni cha upepo, kama cha mabasi. Na Baba watoto bado anasema ni kutupa pesa, kwamba kosa ni uendeshaji wangu.

Mgongo wangu si mzuri, CR-V ina maili 148,000 na nataka kuibadilisha mwakani, na mkataba ujao ni Durango. Nichague kipi?

Nesi wa Barabarani

*

Dada, pole sana kwa ule mteremko, na hongera kwa kutoka barabarani mapema. Pedali ikianza kuzama, mafuta ya breki yameshachemka au yako karibu. Mteremko ungeendelea maili mbili zaidi, ungekuwa unatafuta ile njia ya changarawe iliyotengwa kwa malori yaliyoshindwa. Kabla ya kununua chochote, peleka motohomu ikaguliwe pedi na diski za mbele, na mafuta ya breki yamwagwe yote yawekwe mapya. Mafuta yaliyochemka mara moja hayarudi kuwa yaleyale. Usiende Durango nayo.

Tuanze na shemeji, maana bila yeye kukubali utanunua kifaa halafu kila safari kitakuwa kesi.

Mwulize swali moja tu: hilo trela analovuta, breki zake ziko wapi? Atakujibu mwenyewe. Trela lake lina breki kwenye kila ekseli, na akikanyaga pedali upepo unafika hadi gurudumu la mwisho. Bomba la upepo likikatika, trela linajibana lenyewe. Hakuna siku hata moja katika kazi yake amesimamisha pauni 80,000 kwa breki za kichwa cha lori peke yake, na ukimwambia afanye hivyo atakuona una wazimu. Hilo ndilo analokuambia wewe ufanye.

Chasisi yako ya E-450 imeandikwa uzito wa mwisho pauni 14,500 ikiwa yenyewe, na 22,000 pamoja na inachovuta. Hiyo namba ya pili huwadanganya wengi. Injini na gia zinaweza kuvuta uzito huo, lakini breki zimepimwa kwa ile namba ya kwanza. Ukiwa na vyombo vyako, maji na mafuta, sina shaka uko karibu na 14,000 tayari. Ongeza CR-V, kama 3,500. Maana yake ni kwamba sehemu moja katika kila tano ya mzigo wako ilikuwa inakusukuma mgongoni bila kusaidia kusimama. Zile pauni 6,000 za mkono ni nguvu ya chuma kisikatike. Chuma hakibani breki.

Kuhusu sheria: kila jimbo lina mpaka wake wa uzito ambao trela lazima liwe na breki. Texas ni pauni 4,500, majimbo mengi ni 3,000, California ni 1,500, na namna wanavyolihesabu gari linalovutwa kwa magurudumu yake hutofautiana. Wewe unahama jimbo kila miezi mitatu. Fuata lililo kali zaidi ulale usingizi.

Lakini kuna jambo moja shemeji amesema kweli, nalo ni uendeshaji. Nitalirudia mwishoni.

Sasa vifaa. Watu huuliza kipi ni bora. Mimi huuliza kwanza kifaa kinajuaje kwamba umekanyaga breki. Ukijua hilo, nusu ya maneno ya wauzaji unayaacha mlangoni.

Cha upepo kinajua kwa sababu kimeungwa na mfumo wa upepo wa motohomu yenyewe. Demco wanauza kimoja kiitwacho Air Force One, na ni kizuri kweli: unavyokanyaga ndivyo nacho kinavyokanyaga, wala hakina cha kubahatisha. Lakini ni cha motohomu kubwa za dizeli zenye breki za upepo. Yako ina breki za mafuta. Aliyekuambia ununue hicho ama hakuinama kuangalia chini ya gari lako, ama aliinama akanyamaza. Gereji hiyo iache.

Kuna cha kusukumwa, kama Ready Brake. Motohomu ikipunguza mwendo, gari la nyuma linaisukuma mbele, na msukumo huo unavuta kebo iliyofungwa kwenye pedali ya CR-V. Hakina umeme, hakina kompyuta, na bei yake ni nafuu. Mafundi wa shule ya zamani wanakipenda, mimi nikiwemo. Tatizo lake liko palepale ulipopatia taabu. Kwenye mteremko mrefu, injini ikiwa imeshika kwa gia ndogo, gari la nyuma linasukuma kidogo muda wote, na kebo inaweza kubana kidogo muda wote. Breki inayobanwa kidogo maili nane inapata joto kuliko inayobanwa kwa nguvu mara tano. Kwa mtu wa Florida ningesema chukua. Kwa Colorado, hapana.

Cha kudumu chini ya kiti, mfano InvisiBrake ya Roadmaster, au Stay-IN-Play Duo inayofungwa mbele kwenye injini, kinapata ishara kutoka taa za breki za motohomu na kuvuta pedali chenyewe. Ukishakifunga unasahau: unachomeka waya wa umeme na waya wa dharura, unaondoka. Kwa mgongo wako hiki ndicho kingefaa, na kama ungekuwa na CR-V mpya ya kukaa nayo miaka minane ningekuambia lipa hizo 2,400 bila kulia. Ila sehemu kubwa ya hela hizo ni kazi ya mikono: kupitisha mabomba, waya na kebo ndani ya gari. Ukiuza CR-V mwakani, kifaa utakitoa, lakini kazi ya mikono unaiacha humo na kuilipia tena kwenye gari linalofuata. Hapo ndipo unapotupa pesa.

Kinabaki kisanduku cha sakafuni. Brake Buddy ndilo jina linalojulikana zaidi. Blue Ox wana Patriot, Roadmaster wana Even Brake, na RVi wana chao. Unakiweka mbele ya kiti, mkono wake unashika pedali, mgongo wake unaegemea kiti. Ndani kuna kihisi cha mwendo: gari likipungua kasi ghafla, kinakanyaga. Unaondoka nacho kwenda gari lingine siku utakapobadilisha.

Kwa hali yako, dada, nunua kisanduku, ila si cha jirani. Tafuta kipya, au kilichotumika kidogo chenye vitu vyote, na utarajie kutoa zaidi ya dola 1,000.

Vitu vyenyewe ni vitatu. Kwanza waya wa dharura. Mwisho mmoja unafungwa kwenye fremu ya motohomu, usifungwe kwenye mkono wa kuvutia, kwa sababu mkono ukichomoka utaondoka na waya na hakuna kitakachovutwa. Siku CR-V ikikatika, pini inachomoka na kisanduku kinakanyaga breki mpaka gari lisimame. Kifaa kisicho na waya huo ni nusu kifaa. Pili, rimoti au taa mbele yako inayokuonyesha kila kinapobana. Hofu kubwa ya kisanduku ni kubana wakati hukukibana. Kikishika njiani ukiwa mbele hujui, magurudumu ya CR-V yataiva, na kuna magari yameteketea kwa namna hiyo. Kisanduku cha dola 300 kisichokuambia kinachofanya nyuma yako hata bure usikichukue. Tatu, kiwe kinabana kulingana na jinsi unavyobana wewe. Vya zamani vingine vina nguvu moja tu uliyoiweka asubuhi, kwa hiyo ukigusa kidogo vinakanyaga kama umeona ng'ombe.

Mgongo: hutakwepa kuinama. Sogeza kiti nyuma kabisa, piga goti nje ya mlango, usijipinde kutoka upande. Na wewe unafunga mara nane kwa mwaka, ambayo ni mara chache kiasi cha kusahau hatua moja kila safari. Nesi hampi mgonjwa dawa kwa kukumbuka; andika hatua kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa CR-V, weka tiki.

Kwenye karatasi hiyo kuna hatua ambazo nimeona hata mafundi wakizikosea. CR-V yako ina busta inayosaidia mguu wako kwa vakyumu ya injini, yaani nguvu ya kufyonza hewa. Injini ikizimwa, vakyumu inabaki kidogo ya kutosha kukanyaga mara chache, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ukipima kisanduku pedali ikiwa bado laini, kitazoea ulaini ambao baada ya kona tatu haupo tena, na kitakuwa kinakanyaga bila nguvu. Kwa hiyo zima injini, kanyaga pedali mara nyingi mpaka ikaze, ndipo uweke kisanduku.

Sasa unganisha hilo na kitabu cha Honda. CR-V ya mwaka huo inataka, kabla ya kuvutwa, uwashe injini, upitishe gia zote, ukae kwenye D sekunde 5, uende N, uache injini iungurume dakika 3, kisha uzime ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kwanza ili usukani usijifunge. Na usizidi maili 65 kwa saa. Ukivuta zaidi ya saa 8 unarudia. Kila ukiwasha injini, busta inajaa vakyumu upya! Ukirudia hatua hizo njiani unatoa kisanduku kwanza, na kabla ya kukirudisha unakanyaga tena mpaka pedali ikaze. Hapo ndipo watu wengi wanaporuka.

Kama kitabu hichohicho kinakutaka uchomoe fyuzi ili betri isife, sawa, lakini hakikisha soketi utakayochomeka kisanduku bado ina umeme baada ya hapo. Na hata kama inao, kisanduku kinakula betri ya CR-V siku nzima; mwambie fundi apitishe waya mwembamba wa kuchaji kutoka motohomu. Akiwa hapo, aangalie taa. Kisanduku kikikanyaga pedali, taa za breki za CR-V nazo zinawaka zenyewe, na kulingana na zilivyoungwa zinaweza kuzima indiketa yako nyuma wakati wa kona. Ni kazi ndogo, lakini trafiki akikusimamisha usiku ndiyo utaijua.

Ukishafunga, tafuta uwanja mtupu. Nenda maili 25 kwa saa, kanyaga kama kawaida, sikiliza. Unapaswa kuhisi CR-V inakushika nyuma, si kukuvuta shati. Ikikuvuta, punguza nguvu. Kisha endesha maili 10 barabarani, simama, upime joto la kila gurudumu la CR-V kwa kipimajoto cha kuelekeza. Mnavyo kazini, najua, ila kile cha paji la uso hakisomi mbali zaidi ya homa ya mtu. Nunua cha mafundi. Ya mbele mawili yawe karibu sawa, na ya nyuma mawili vilevile. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake, breki hiyo haiachii. Ya mbele mawili yakiwa ya moto sana wakati hukubana, kisanduku kimekaa vibaya.

Haya, uendeshaji. Mimi nilianzia ufundi Iringa, na pale mteremko wa Kitonga tulikuwa tunatengeneza matokeo ya kosa lako kila wiki: mguu unaokaa kwenye breki kwa upole. Kisanduku hakitakusaidia ukiendelea hivyo, kwa sababu mguu mwepesi haukishtui kile kihisi chake. Gari linapungua polepole mno, kinaona hakuna jambo, na motohomu inabeba kazi yote peke yake kama mwanzo. Mwisho wa mkono wa gia wa E-450 kuna kitufe kilichoandikwa TOW/HAUL. Kibonyeze kabla ya kilele, si baada. Shuka na gia ndogo, injini ipige kelele, usiihurumie. Mwendo ukizidi ule ulioupanga, kanyaga kwa nguvu mpaka upungue maili 10 kwa saa, kisha achia kabisa, breki zipumue. Kanyaga, achia. Utaona taa ya rimoti inawaka na kuzima pamoja nawe, na hapo utajua magari mawili yanasimama kwa breki nane.

Na Durango: simu yako itakupa barabara ya US 550 kupitia mlima wa Red Mountain, kwa kuwa ni fupi. Kilele chake ni futi 11,018, kona zimebana, na sehemu nyingi upande wa bonde hakuna hata kingo. Nenda ukaitazame siku ya mapumziko ukiwa na CR-V peke yake, ni nzuri ajabu. Nyumba yako ipitishe Utah: I-70 kuelekea magharibi, US 191 kushuka Moab hadi Monticello, kisha 491 hadi Cortez na US 160 hadi Durango. Ni mzunguko wa maili nyingi, ila breki zako ndio kwanza mpya.

Ukifika mwakani kwenye kununua gari lingine, usikimbilie CR-V mpya zaidi kwa mazoea. Kuanzia ya 2015 Honda walibadilisha giaboksi na haivutwi tena magurudumu yote yakiwa chini. Watu wameua giaboksi kwa kudhani jina ni lilelile. Soma kitabu cha gari kabla ya kulipa, tena cha mwaka huohuo. Hapo, ukiwa na gari la kukaa nalo, niandikie tuzungumze upya habari ya mfumo wa kudumu.

Jambo la mwisho, maana hukuuliza na nina hakika litakukuta: ukipotea njia ukaingia kituo cha mafuta kisicho na pa kutokea, usirudi nyuma na CR-V ikiwa imefungwa, hata futi kumi. Magurudumu yake ya mbele yatajikunja na mkono utapinda. Fungua, toa gari, geuza moja moja, funga tena, na uanze karatasi yako kutoka tiki ya kwanza.

Fundi